Tikisa kabla ya kutumia: chupa yenye sura mbaya mara nyingi ndiyo nzuri

Chukua chupa mbili za losheni ya kalamaini kwenye rafu ya duka la dawa pale Moshi mjini. Moja imejitenga: juu kuna maji maangavu kama upana wa vidole viwili, chini yake tope la waridi lililovimba. Ya pili ni ya waridi tupu kuanzia shingoni hadi kitakoni, ingawa zote zimekaa siku mbili bila kuguswa. Mteja atachagua ya pili, na muuzaji ataona aibu hata kuitoa ile ya kwanza. Sasa zirudie baada ya miezi miwili. Ya kwanza ukiipindua mara tatu inakuwa losheni tena. Ya pili imejenga kitu kama plasta chini, ukiingiza kijiti kinagonga, na ukitikisa mpaka mkono uume unapata maji yenye rangi hafifu tu.

Anayeanza kutengeneza losheni, dawa ya maji au rangi ya ukuta huwaza kusaga. Akipata unga laini kama poda ya mtoto anaona kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Unga laini hauishi chembe moja moja, unaishi kwa makundi. Chembe ikipungua ukubwa, uzito wake hushuka haraka kuliko nguvu inayoivuta kwa mwenzake, ndiyo maana sukari inamiminika na unga wa ngano unashikamana. Fikiria mchemraba wa sentimita moja: uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Ukate uwe vipande vya mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na uso unafika mita za mraba 6, sakafu ya chumba kidogo, kutoka kwenye kitu kilichokuwa kinakaa kwenye ncha ya kidole. Uso wote huo utagusa kitu. Usipouandalia cha kugusa, chembe zitagusana zenyewe kwa zenyewe.

Kwa hiyo kazi ina sehemu tatu: unga ulowe, madonge yavunjike, halafu chembe zilizoachana zizuiwe zisirudiane vibaya. Nasema vibaya kwa sababu kuna kurudiana kuzuri, nako ndiko kunakoiokoa ile chupa ya kwanza.

Kulowesha

Aliyewahi kupika uji wa ulezi anajua nusu ya somo hili. Unga haumwagwi mkavu kwenye maji ya moto. Unakorogwa pembeni na maji baridi kidogo hadi uwe mzito na laini, ndipo unamiminwa. Ukiutupia mkavu, nje ya donge inaiva na kuwa ngozi, ndani unabaki unga vilevile. Zinki oksaidi, unga mweupe wa kwenye losheni, haiivi, ila donge lake limeshika hewa ndani, na maji hayaingii mpaka hewa itoke.

Kwa unga unaopenda maji, gliserini inatosha. Weka unga kwenye kinu cha kaure, dondosha gliserini kidogo kidogo, saga kwa mchi hadi upate kitu kizito kama siagi ya karanga, na uendelee kusaga dakika kumi baada ya kuona kimekuwa laini. Kosa la kila siku ni kuongeza maji mapema kwa sababu mkono umechoka. Kwenye ujiuji mzito, nguvu ya mchi inalifikia donge na kulipasua. Kwenye maji mepesi donge linakimbia mchi, unabaki unazungusha maji. Donge lililopita hapo hutalivunja tena kwa kutikisa chupa.

Unga unaochukia maji unahitaji msaada zaidi. Salfa ni mfano sugu: ukiimwaga kwenye maji inaelea juu kama vumbi kwenye bwawa, na ukiikoroga inapanda tena. Polisobeti 80, kilowesho kinachofanya kazi kama sabuni, kwa kiasi cha gramu 1 hadi 2 kwa lita huimaliza kesi hiyo. Ukizidisha unapata povu, na povu hubeba unga juu na kuuacha umekauka kwenye shingo ya chupa.

Kuzama

Mwanafizikia George Stokes alishatoa hesabu ya mwendo wa chembe inayozama mwaka 1851, na bado ndiyo tunayotumia. Chembe ya zinki oksaidi yenye kipenyo cha mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, inazama kwenye maji matupu robo milimita kila sekunde. Chupa yenye kimo cha sentimita 10 inaimaliza kwa dakika saba hivi. Chembe ya mikroni 1 inachukua saa 11. Kipenyo kikipungua mara kumi, mwendo unapungua mara mia. Parasetamoli ni nyepesi zaidi, kwa hiyo chembe yake ya mikroni 10 inatumia karibu saa moja na dakika 45 kwa safari hiyohiyo. Hizi ni hesabu za chembe iliyo peke yake. Kwenye losheni nzito zinabanana na kucheleweshana.

Hapo mtu husema: basi tusage zaidi na tuongeze kizito. Ni kweli vyote viwili vinapunguza mwendo. Havizuii safari. Na chembe ndogo zilizotengana kabisa, zinazoteremka polepole moja baada ya nyingine, zina muda wa kujipanga. Kila moja inateleza mpaka ipate nafasi yake kati ya zilizotangulia, kama mchanga mwembamba unaojaza mianya ya kokoto. Uzito wa zilizo juu unazigandamiza za chini. Hiyo ndiyo plasta ya chupa ya pili.

Chembe zilizoshikana kidogo, kwa makundi malegevu kama pamba, huzama haraka. Zikifika chini hazijipangi. Zinarundikana na maji mengi katikati yake, tope linavimba, na juu panabaki maji maangavu. Sura ni mbaya lakini tikisa kidogo tu na makundi yanafumuka.

Shabu, mlonge na chaji

Kinachoamua kama chembe zitaepukana au zitashikana ni chaji ya umeme iliyo juu ya uso wake. Wazee waliochota maji ya mfongo, mfereji wa Wachaga, wakati wa masika walikuwa wakifanya kemia hii bila kuiita hivyo. Maji ya udongo yanabaki machafu siku nzima kwa sababu chembe za mfinyanzi zina chaji hasi na zinasukumana. Tia shabu, alumini yake yenye chaji chanya tatu inaizima ile hasi, chembe zinakutana, zinazama. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya hivyohivyo kwa protini zenye chaji chanya. Ioni yenye chaji tatu ina nguvu ya kushikanisha chembe mara mamia kuliko yenye chaji moja, ndiyo maana punje ya shabu inatosha ndoo nzima na chumvi ya mezani haifui dafu.

Wenye maabara hupima chaji hiyo kwa milivolti. Ikizidi 30, iwe chanya au hasi, chembe huwa zinaachana. Ikikaribia sifuri zinashikana. Mfano wa darasani ni bismathi sabunaitreti: kwenye maji ina chaji chanya, inazama polepole na kuganda. Ongeza potasiamu fosfeti kidogo kidogo, chaji inashuka, na karibu na sifuri tope linavimba na kugeuka laini. Mwanafunzi akiendelea kumwaga, chaji inavuka upande wa hasi na chupa inaganda tena. Dozi ya kishikanishi ina dirisha, na dirisha lina kingo mbili.

Kalamaini kwa karibu

Losheni ya kalamaini ya fomula ya Uingereza inafundisha yote haya kwa viungo vichache. Kwa lita moja: kalamaini yenyewe (unga wa waridi wa zinki) gramu 150, zinki oksaidi gramu 50, bentonaiti gramu 30, sodiamu sitreti gramu 5, gliserini mililita 50, fenoli iliyofanywa kimiminika mililita 5, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi lita itimie. Yeyusha sitreti kwenye maji kama mililita 700. Changanya unga zote tatu zikiwa kavu, saga pamoja na yale maji ya sitreti ukianza na machache mpaka upate ujiuji, kisha endelea kuongeza. Fenoli na gliserini huingia mwishoni. Fenoli inaunguza ngozi, vaa glavu.

Kiungo ambacho watu hukiruka ni sitreti, kwa kuwa ni gramu 5 tu na haina kazi yoyote kwenye ngozi ya mgonjwa. Bentonaiti ni udongo wenye vibamba vyembamba sana, usoni vina chaji hasi. Chembe za zinki kwenye maji huelekea upande wa chanya. Zikikutana bila mwamuzi zinang'ang'aniana, losheni inakuwa nzito kama ugali na haitoki kwenye chupa. Sitreti inapunguza huko kung'ang'aniana, si kukuondoa. Izidishe na umeachanisha kila kitu: losheni nyepesi, nzuri machoni, yenye plasta inayosubiri.

Ukitaka kuliona dirisha hilo, tengeneza sampuli tano za mililita 100 zenye viungo vilevile, sitreti tu ndiyo ibadilike: gramu 0.1, 0.3, 0.5, 0.8 na 1.2. Zimimine kwenye silinda za kupimia na uziache siku saba mahali pasipotikisika. Soma kimo cha tope ukigawe kwa kimo cha mchanganyiko wote. Tope likifika alama ya 70 kati ya 100, jibu ni 0.7, na kadiri linavyokaribia 1 ndivyo bora. Kisha ziba na upindue taratibu, ukihesabu mizunguko hadi chini paonekane pasafi. Namba ya pili ina thamani kuliko ya kwanza. Mimi ningekubali tope la 0.6 linaloamka kwa mizunguko mitatu kuliko la 0.8 linalotaka ishirini.

Maji yenyewe yana la kusema. Maji ya ardhini upande wa Mlima Meru yana sodiamu, baikaboneti na floraidi kwa wingi, na maji magumu ya mahali pengine yana kalsiamu inayokamata sitreti kabla haijafika kwenye unga. Fomula iliyokaa vizuri kwa maji ya chanzo kimoja inaweza kuganda kwa maji ya chanzo kingine. Tumia maji yaliyokenekwa, na yawe ya daraja la dawa. Yale ya kituo cha mafuta yanayoitwa maji ya betri achana nayo, maana wengine huita jina hilohilo asidi.

Usiku wa Julai

Kuna uharibifu unaokuja polepole ambao hausababishwi na kuzama. Unga wowote huyeyuka kidogo, na chembe ndogo huyeyuka kwa urahisi kuliko kubwa. Mchana chumba kikipata joto, zile ndogo zinapungua. Usiku kikipoa, kilichoyeyuka kinarudi kuwa kigumu, ila kinajibandika kwenye chembe kubwa. Kila siku ndogo zinafilisika na kubwa zinanenepa. Stoo ya bati ya Arusha mwezi wa Julai, mchana jua likipiga bati na usiku baridi ya kuvaa sweta, inaendesha mtambo huu bure. Baada ya miezi michache dawa iliyokuwa laini ulimini inakuwa na mchanga. Dari, ukuta mnene na rafu iliyo mbali na dirisha husaidia kuliko friji, na friza ni balaa: barafu inazisukuma chembe pamoja na kuzibana hadi zishikane moja kwa moja.

Rangi na losheni ya jua hutaka kinyume

Kwenye dawa ya kutikisa tunakubali makundi malegevu. Kwenye rangi ya ukuta hatukubali, kwa sababu rangi ikishapakwa hukauka kabla ya kuzama, na kazi yake ni kuzuia mwanga. Titaniamu dioksaidi, unga mweupe wa rangi, hutawanya mwanga vizuri zaidi chembe zikiwa kati ya mikroni 0.2 na 0.3. Chembe kumi zilizoshikana zinafanya kazi kama moja kubwa isiyo na ujuzi. Umelipia kilo kumi, ukuta unafunikwa kana kwamba umetia sita.

Mpangilio wa kuingiza ndio unaokosewa. Maji kwanza, kisha kitawanyishi, yaani kemikali inayozuia chembe zisishikane (kama gramu 3 hadi 5 za kiambato chake halisi kwa kilo ya titaniamu dioksaidi), kizuia povu, ndipo unga. Mchanganyiko uwe mzito na visu vya mashine viende kwa kasi ya mita 18 hadi 25 kwa sekunde kwenye ncha. Kisu cha kipenyo cha sentimita 20 kinahitaji kama mizunguko 1,900 kwa dakika. Drili ya mkono yenye kikorogeo cha sentimita 10 kwa mizunguko 1,000 inafika mita 5 tu: inachanganya, haivunji. Baada ya dakika 15 hadi 20 punguza kasi, ndipo uingize gundi ya akriliki, kwa kuwa mwendo ule mkali unaiharibu. Kitawanyishi kikizidi, ukuta unanyonya maji na mvua ya kwanza inauosha.

Jaribio la bure: paka rangi yenye pigmenti (unga unaotoa rangi) kwenye kadi, iache ianze kushika, kisha sugua sehemu moja kwa kidole. Mahali uliposugua pakibadilika rangi, pigmenti ilikuwa imeshikana na kidole chako kimeitawanya. Chombo cha kupimia ulaini nacho ni rahisi, kipande cha chuma chenye mfereji unaopungua kina kutoka mikroni 100 hadi sifuri. Unaburuta rangi kwa ukingo wa chuma na kuona vipele vinaanzia wapi.

Losheni ya jua iko njia hiyohiyo, na hapa makosa yanalipwa na ngozi ya mtu. Moshi ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, hospitali ya rufaa ya Kilimanjaro. Kwa losheni yoyote yenye zinki oksaidi kanuni ni hii: unga uloweshwe na kusagwa ndani ya mafuta pamoja na kitawanyishi chake kwanza, usimwagwe kwenye krimu iliyokwisha kuungana. Madonge huacha weupe usoni na mianya inayopitisha miale, yaani mtumiaji anaona amepakaa sana huku kinga ni kidogo. Paka utando mwembamba kwenye kioo na uushike mbele ya dirisha. Nukta nyeupe zenye mapengo angavu kati yake zinatosha kukukatalia.

Kumeza na kuchoma

Griziofulvini, dawa ya mapunye inayojulikana kwa kila mzazi, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Iliposagwa kufikia mikroni chache, nusu ya dozi ya zamani ilitosha kuleta kiwango kilekile kwenye damu. Na hata hiyo humezwa na chakula chenye mafuta. Ila usidhani ulaini ni baraka siku zote. Nitrofurantoini, dawa ya maambukizi ya mkojo, ikiwa laini sana inafyonzwa haraka na kumtia mgonjwa kichefuchefu, ndiyo maana zipo kapsuli zenye fuwele kubwa kwa makusudi.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ni miligramu 150 za fuwele ndani ya mililita moja. Fuwele ndizo dawa na ndizo saa: zinayeyuka polepole kwenye msuli. Kichupa kisipotikiswa kwa nguvu muda huohuo kabla ya kuvuta, sehemu ya dozi inabaki chini ya kioo. Na mahali palipochomwa hapasuguliwi, kwani kusugua kunaharakisha kuyeyuka. Penisilini ya benzathini ina fuwele pia. Ukitumia sindano nyembamba au ukisita katikati ya kusukuma, inaziba.

Nyumbani mambo huharibikia kwenye amoksisilini ya unga ya watoto. Gonga kwanza kitako cha chupa kwenye kiganja mpaka unga uachie pembe zote. Tia kiasi cha theluthi ya maji, yaliyochemshwa na kupoa kabisa, tikisa mpaka usione unga mkavu, halafu jazia hadi alama na utikise tena. Maji yote yakiingia kwa mkupuo, donge linakaa kwenye kona ya chini na mtu haoni kwa sababu chupa ni ya kahawia. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 125 kwa kila mililita 5 ina miligramu 2,500 kwa jumla. Mama asipotikisa, mtoto hapungukiwi na kitu kwenye hesabu hiyo ya jumla: anapata maji ya utamu siku za mwanzo, zile ambazo homa iko juu, na dawa nzito kupita kiasi kwenye vijiko vya mwisho.